Bushi Iliyogoma Kutoka kwenye Ganda la Gia Boksi la Pikipiki ya Kale

Ganda la gia boksi la pikipiki ya kale likipasuka, mara nyingi halina mbadala. Bushi iliyomo ndani yake, ambamo shafti huzunguka, ni kipande kifupi tu cha bomba la bronzi, ambacho fundi yeyote wa kerezo anaweza kukitengeneza upya akipewa vipimo sahihi. Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza kila hatua ya kazi hii: bushi inaweza kukatwa, kutobolewa au kubomolewa bila majuto, ilhali ganda halipaswi kubaki na hata mkwaruzo mmoja usio wa lazima. Maganda mengi yameharibika kwa sababu fundi, alipoona bushi imegoma, aliongeza nguvu kabla ya kujua ni nini kilichoishika. Hapa tutafuata njia iliyo kinyume na hiyo: tutaanza na dalili iliyo mbele ya macho, tutatafuta sababu yake, ndipo tuchague kifaa.

Maelezo haya yanahusu hasa pikipiki za Uingereza zilizoundwa kabla ya miaka ya 1970, kama vile BSA, Triumph, Norton, AJS na Matchless, pamoja na gia boksi za Burman na Albion zilizofungwa kwenye pikipiki za chapa mbalimbali. Gia boksi hizo zilitumia bushi za bronzi katika sehemu nyingi ambazo pikipiki za baadaye huwekewa beringi: kwenye shafti ya pili ya gia, kwenye shafti ya kiki, na kwenye mihimili midogo ya kubadilishia gia. Vipimo vyake ni vya inchi, na sehemu moja ya elfu ya inchi ni takriban milimita 0.025; kipimo hicho kidogo kitajitokeza mara kwa mara, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama bushi itatoka au haitatoka.

Kabla ya kugusa nyundo

Osha ganda mpaka lisibaki na dalili ya mafuta, kisha lichunguze kwa taa kali ndani na nje. Pima umbali kutoka kwenye ukingo wa tundu hadi kwenye uso wa bushi, uandike. Bushi nyingine hukaa chini kidogo ya ukingo, na bushi mpya ikiingizwa kupita kiasi, au isipofika, mwachano wa gia hubadilika. Weka alama mahali tundu la mafuta la bushi linapoelekea. Piga picha pia, kwa sababu bushi ikishatoka vipande vipande hakuna tena cha kurejelea.

Hakikisha pia unajua ganda ni la metali gani. Sumaku ikinata, ni chuma cha kusubu. Isiponata, kwa kawaida ni aloi ya aluminiamu, lakini katika pikipiki za mashindano kuna maganda ya magnesi, ambayo ni mepesi zaidi mkononi. Tone la siki likidondoshwa juu ya sehemu iliyokwanguliwa ikabaki safi, magnesi hutoa mapovu na aluminiamu haitoi. Ikiwa ni magnesi, usiliwashie mwali wa gesi hata kidogo, na chembe zinazotoka wakati wa kukata zisikusanyike karibu na cheche, kwa sababu zikishika moto maji hayazimi bali huuongeza.

Dalili: ganda limepashwa moto vizuri, na bushi haitikisiki

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, na chanzo chake mara nyingi ni mazoea yaliyotokana na beringi. Fundi aliyezoea kuweka ganda kwenye oveni na kuona beringi ikidondoka yenyewe hutarajia bushi nayo idondoke. Beringi kwa kawaida ni ya chuma kigumu, na chuma hutanuka takriban nusu tu ya aluminiamu kwa joto lilelile. Bronzi haiko hivyo. Kwa kila milimita na kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, aluminiamu hutanuka karibu milimita 0.000023, bronzi karibu 0.000018, na chuma karibu 0.0000115. Kwa maneno mengine, bronzi humfuata mwenyeji wake karibu hatua kwa hatua.

Tuchukue bushi yenye kipenyo cha nje cha milimita 25 iliyoingizwa kwa mbano wa milimita 0.04, yaani ni kubwa kuliko tundu lake kwa kiasi hicho. Ganda na bushi vikipanda pamoja kwa nyuzi 100, tundu litatanuka kwa milimita 0.0575 na bushi kwa 0.045. Kilichopungua kwenye mbano ni milimita 0.0125 tu. Zaidi ya theluthi mbili za mbano bado zipo, na bushi inaendelea kushikwa barabara. Beringi ya ukubwa uleule ingekuwa imeachiliwa kwa karibu milimita 0.029.

Kwa hiyo joto peke yake halitoshi. Kinachohitajika ni tofauti ya joto kati ya ganda na bushi. Pasha ganda lote kwa pamoja kwenye oveni hadi karibu nyuzi 120, litoe, kisha papo hapo chomeka ndani ya bushi kipande cha shaba nyekundu au chuma kilicholala kwenye friza, kilichokerezwa kikae bila nafasi ya kuyumba. Kipande hicho kinanyonya joto la bushi haraka kuliko ganda linavyoweza kulirudisha, kwa muda mfupi tu. Bushi ikipoa kwa nyuzi 60 chini ya ganda, hupungua milimita 0.027 nyingine, na ukijumlisha na ile 0.0125 ya mwanzo, karibu mbano wote umekwisha. Hapo ndipo pigo moja la wastani, au presi ya mkono, hufanya kazi ambayo nyundo kubwa ilishindwa. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi mno, kwa hiyo kila kifaa kiwe kimepangwa mezani kabla oveni haijafunguliwa: glavu, gogo la kuegeshea, panchi na kipande cha baridi.

Ninapendelea oveni kuliko mwali wa gesi kwa sababu joto la mwali hujikusanya mahali pamoja, ganda linatanuka upande mmoja, na tundu linakuwa la yai badala ya duara. Kama oveni haipatikani, tembeza mwali kwa mzunguko mpana bila kusimama, na upime kwa tone la maji: likichemka papo hapo, joto limetosha. Usivuke nyuzi 150 bila sababu nzito. Aloi nyingi za zamani huanza kupoteza ugumu wake joto likizidi 200, na ganda lililopinda usoni halitazuia mafuta tena.

Ikiwa sumaku ilinata, mambo yanageuka. Chuma cha kusubu hutanuka kidogo kuliko bronzi, kwa hiyo kupasha moto kunaongeza mbano. Hapo poza bushi bila kupasha ganda, au nenda moja kwa moja kwenye njia ya kuikata.

Dalili: hata tofauti ya joto haikusaidia

Acha kupiga. Bushi isiyosogea hata kidogo baada ya hatua hiyo karibu kila mara ina kitu kingine kilichoishika mbali na mbano, na kitu hicho kinaonekana kwa anayekitafuta.

Kwanza, angalia kama unaisukuma upande sahihi. Bushi nyingi za shafti ya kiki zina kola, yaani ukingo uliotokeza, upande mmoja, na baadhi ya matundu yana ngazi ndani, yaani upande mmoja ni mwembamba kuliko mwingine. Kola ikiwa imefunikwa na rangi au gundi ya gasketi, ni rahisi kudhani kwamba ni sehemu ya ganda. Kwangua taratibu kwa kisu cha mbao au cha plastiki mpaka mstari wa mpaka kati ya bronzi ya njano na aluminiamu nyeupe uonekane mzunguko mzima.

Pili, tafuta pini au skrubu isiyo na kichwa. Viwanda vilitoboa tundu dogo nusu kwenye bushi na nusu kwenye ganda, vikaingiza pini, kisha vikaponda ukingo ili pini isitoke. Baada ya miongo kadhaa alama hiyo inakuwa kama doa tu. Skrubu nyingine huingia kutoka nje, kupitia shingo ya tundu, na hufichwa na rangi. Kupiga bushi iliyofungwa kwa pini kunapasua shingo ya tundu kutoka mahali pini ilipo. Pini hutobolewa kwa keekee yenye biti ndogo kuliko pini yenyewe, kisha kilichobaki kikang'olewa.

Tatu, chunguza kama ukingo wa ganda ulipondwa juu ya bushi kwa panchi, sehemu tatu au nne kuzunguka tundu. Ukingo huo uondolewe kwa tupa ndogo au kikwanguo, kwa kiasi kilichoziba njia tu.

Nne, na hili linazidi kuwa la kawaida, bushi huenda iliwekwa gundi ya kushikilia na mtu aliyetengeneza gia boksi hiyo miaka ya karibuni. Dalili yake ni utando wa kijani au mweusi uliokauka kwenye mpaka. Gundi hizo hulegea zikipata joto, lakini nyingi hutaka karibu nyuzi 250 ili ziachie kabisa, joto ambalo ganda zima halipaswi kulifikia. Njia salama ni kupasha bushi yenyewe kutoka ndani, kwa chuma cha kulehemu kikubwa au kipande cha chuma kilichopashwa pembeni, na kuisukuma ikiwa bado ya moto. Isipokubali, ikatwe.

Kwenye shafti ya kiki, ambako maji na matope huingia, huenda ukaona unga mweupe kuzunguka bushi. Huo ni ulikaji wa aluminiamu iliyogusana na bronzi penye unyevu. Mafuta ya kupenya, ambayo kwenye mbano mkavu hayana faida kubwa, hapa yana maana. Yaache usiku kucha, na uyaoshe kabisa kabla ya kupasha ganda moto.

Dalili: ilisogea kidogo, kisha ikasimama

Hii ni dalili ya kutia moyo, japo ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu fundi akishaona mwendo haachi tena kupiga. Sikiliza sauti. Bushi inayotembea hutoa mlio butu unaobadilika kila pigo. Iliyokwama hutoa mlio mkali, mwembamba, na nyundo hurudi mkononi. Ukisikia mlio huo, kila pigo linalofuata linaingia kwenye ganda.

Sababu ya kwanza ni kupoa kwa ganda. Rudisha kwenye oveni, uanze upya. Hakuna kinachopotea isipokuwa muda.

Sababu ya pili ni panchi isiyofaa. Bomba la spana au soketi iliyookotwa ndani ya sanduku la vifaa hugonga ukingo mmoja wa bushi kabla ya mwingine, bushi inalala upande, na kona yake inachimba aluminiamu. Panchi inayofaa ina ngazi: ncha yake inaingia ndani ya bushi kwa nafasi isiyozidi milimita 0.1, na bega lake ni dogo kuliko kipenyo cha nje cha bushi kwa milimita 0.2 au 0.3 ili lipite kwenye tundu bila kugusa kuta. Muda wa kuikereza ni mdogo kuliko muda wa kuchomelea na kutoboa upya ganda lililochimbika. Bushi ikiwa tayari imelala, igeuze mwelekeo: irudishe ndani mpaka inyooke, ndipo uisukume tena.

Sababu ya tatu ni ukingo wa bushi uliotanuka kwa kupigwa. Bronzi ni laini, na kona iliyopigwa na panchi ndogo hupanuka kama kichwa cha uyoga na kubana zaidi ya mwanzo. Ikwangue kona hiyo kwa ndani mpaka kipenyo kirudi.

Katika hali zote tatu, angalia ganda limeegemea wapi. Shingo ya tundu inapaswa kukalishwa juu ya bomba nene, au gogo gumu lililotobolewa, lenye tundu kubwa kidogo tu kuliko bushi. Ganda lililolazwa kwenye kingo zake za nje huku likipigwa katikati hupinda kila pigo, na nguvu inayoonekana kupotea bure inakwenda kwenye kuta nyembamba.

Dalili: bushi inazunguka, lakini haitoki

Mbano umekwisha, na kilichobaki ni kola, pini iliyokatika au kona iliyovimba. Ivute kwa bolti ndefu, washa nene na kipande cha bomba kama pula, bila nyundo. Habari mbaya ni kwamba bushi iliyozunguka imelila tundu, na bushi mpya ya kipimo cha kawaida haitashika.

Dalili: tundu halitokezi upande wa pili, na grisi inavuja

Bushi ya shafti ya pili mara nyingi imo ndani ya tundu lililozibwa nyuma, na panchi haina pa kupita. Njia inayojulikana ni kujaza grisi, kuchomeka kipande cha chuma kinachobana vizuri ndani ya bushi, na kukipiga. Grisi haina pa kwenda, inasukuma bushi kutoka nyuma. Njia hii ni nzuri pale ambapo masharti yake yametimia, na mara nyingi hayajatimia.

Grisi ikichuruzika pembeni ya kipande cha chuma, kipande ni chembamba mno, kereza kingine. Ikitoka kupitia mfereji wa mafuta uliochongwa ndani ya bushi, badilisha grisi kwa karatasi iliyolowekwa na kushindiliwa, kwa sababu karatasi haipenyi mfereji kirahisi. Ikitokea nje ya ganda, kuna tundu la mafuta ambalo lazima lizibwe kwanza. Na kuna jambo la kuangaliwa kabla ya pigo la kwanza: nyuma ya baadhi ya matundu hayo si metali ya ganda bali kisahani chembamba kilichobanwa kutoka nje. Shinikizo halichagui, litasukuma kisahani kabla ya bushi. Kama kisahani kipo, shukuru, kitoe, na usukume bushi kutoka nyuma kama nyingine yoyote. Kama hakipo na ukuta wa nyuma ni mwembamba, usitumie grisi kabisa.

Njia ninayoiamini zaidi kwa matundu haya ni ya hesi. Weka kisahani cha chuma kigumu kwenye sakafu ya tundu, kisha kata hesi ndani ya bushi kwa tapu (kifaa cha kukatia hesi) kubwa kidogo kuliko kipenyo chake cha ndani; kwa mfano, bushi yenye kipenyo cha ndani cha milimita 17 hukubali tapu ya M18 yenye hatua ya milimita 1.5. Kina cha hesi kitakuwa pungufu kuliko kawaida, lakini kinatosha. Ingiza bolti yenye hesi hiyo, pasha ganda, na uifunge. Bolti ikigota kwenye kisahani, haiwezi kwenda mbele tena, hivyo bushi ndiyo inayopanda. Kisahani ni cha lazima, kwa sababu bila hicho ncha ya bolti huchimba aluminiamu na hatimaye huitoboa.

Dalili: hesi inakatika, au bronzi inabomoka kama mchanga

Bushi hiyo ni ya bronzi ya unga, iliyoshindiliwa na kuokwa ili inywe mafuta, na haina nguvu ya kuvutwa. Au ukuta wake umeshakonda kwa kulika. Vyovyote vile, sasa ni wakati wa kuikata.

Kwenye mashine ya kerezo au ya kutobolea, panua bushi kutoka ndani hadi ukuta ubaki na unene wa karibu milimita 0.3. Ngozi nyembamba kiasi hicho haina nguvu ya kubana, na hukunjika kwa ncha ya tindo ndogo. Kinachotakiwa ni kulinganisha katikati ya mashine na tundu la ganda, wala si na tundu la bushi, kwa kuwa bushi iliyolika upande mmoja itakupotosha na kisu kitagusa aluminiamu upande mmoja kabla ya upande wa pili kukonda.

Bila mashine, tumia blade ya msumeno wa chuma iliyopitishwa ndani ya bushi, meno yakitazama nje, na ukate mfereji mmoja kwa urefu wake wote. Kata taratibu, na kila baada ya mikwaruzo michache futa kwa kitambaa cheupe na utazame chembe. Za bronzi ni za njano inayong'aa, nzito kidogo, na hutulia. Za aluminiamu ni nyeupe na hunata kwenye meno ya blade. Chembe nyeupe ya kwanza ikionekana, simama hapo hapo hata kama unahisi kumebaki kidogo. Ngozi iliyobaki chini ya mfereji itapasuka yenyewe ukiingiza tindo na kukunja ukingo kuelekea ndani. Bushi iliyofunguka hivyo hupoteza mbano wake wote mara moja, na mara nyingi hutoka kwa vidole.

Bushi ikiwa ya chuma badala ya bronzi, fundi mchomeleaji anaweza kupitisha mstari mmoja wa ulehemu ndani yake kwa mzunguko. Chuma kikipoa kinasinyaa, na bushi inalegea.

Dalili: bushi imetoka, na tundu lina mikwaruzo

Mikwaruzo ya urefu, myembamba, haina madhara makubwa. Sugua vilele vyake tu kwa kikwanguo na usipitishe msasa kwenye tundu zima. Kisha pima kwa mikrometa ya ndani sehemu tatu za kina, kila moja kwa pande mbili, baada ya ganda kupoa kabisa. Kwa tundu la milimita 25, bushi mpya iwe kubwa kwa milimita 0.025 hadi 0.04. Tundu likiwa limepanuka kwa usawa, kereza bushi ya kipimo kikubwa zaidi ilifuate. Likiwa la yai kwa zaidi ya milimita 0.03, lazima litobolewe upya liwe duara, kwa kuwa bushi huchukua umbo la tundu lake na shafti itabana upande mmoja. Kipenyo cha ndani cha bushi nacho kitapungua ikishaingizwa, kwa hiyo bushi iachiwe metali ya kutosha ya kupitishiwa rima (kifaa cha kusawazishia tundu) ikiwa mahali pake, na rima hiyo iongozwe na tundu lililo upande wa pili wa ganda ili bushi zote mbili zikae kwenye mstari mmoja.